Nei Rotia na Sauti za Tekabuia

Ijumaa tarehe 29 Mei, Nei Rotia Aretaake anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika Maktaba ya Tekabuia, hapa kisiwani Tarawa. Sisi wenzake wa maktaba tumepamba ukumbi kwa mashada ya maua, babai, yale magimbi yetu makubwa ya kinamasi, imeshaivishwa, na bado kila mtu anatembea kama aliyefiwa.

Alianza kazi akiwa binti mwembamba, akipanga vitabu rafuni. Alivipenda vitabu vile kama mtu anavyopenda mara ya kwanza, bila kuangalia kasoro. Kila asubuhi aliviweka juani, maana hewa yetu ya chumvi ilivivimbisha na kurasa zikashikana. Lakini vilizidi kuoza, na wasomaji wakazidi kupungua. Mwishowe diwani mmoja alisimama mkutanoni akasema, “Watoto wana simu siku hizi, maktaba ya nini? Tuifanye ghala la saruji.”

Nei Rotia hakulia mbele ya watu. Alikwenda kuazima mashine ya kurekodi sauti. Alitaka maktaba iwe na kitu ambacho simu haina: sauti za wazee wetu, wanaojua nyota, mawimbi na nasaba za ardhi hizi.

Wa kwanza alikuwa Mzee Tabwena, mjuzi wa kusoma mawimbi. Alikubali kwa utani wake: “Rotia, mashine yako hii inakula betri kuliko mimi ninavyokula babai!” Akaimba wimbo wa njia za baharini, wote, bila kupumzika. Nei Rotia alifurahi kupita kiasi. Siku ya wanafunzi kutembelea maktaba akaufungulia kwenye spika kubwa. Kufika jioni, watoto walikuwa wakiuimba barabara nzima.

Kwetu elimu ya namna hiyo ni mali ya ukoo, kama ardhi. Yeye alilijua hilo tangu utotoni, ila furaha ilimsahaulisha. Binti wa Tabwena alikuja maktabani kwa hasira. “Dada Rotia, si ungechukua na nguo zetu za ndani ukazianika barabarani!” Wazee wengine wote wakafunga midomo. Diwani akaanza kupima sakafu kwa ajili ya saruji yake.

Nei Rotia alichukua tumbaku ya kuombea radhi, akaenda kuketi kwenye mkeka, karibu na mlango wa Tabwena, mpaka alipoitwa.

“Nilikupa wewe,” mzee alimwambia. “Sikuipa dunia.”

“Nimekosa, baba. Niambie nifanyeje.”

“Tujengee mlango. Ufunguo tukae nao sisi.”

Ndivyo maktaba yetu ilivyofufuka. Kila familia ilipata chumba chake ndani ya kompyuta, na neno la siri linalojulikana na familia hiyo peke yake. Wazee walirudi mmoja mmoja, kisha wajukuu wakafuata kuwasikiliza, wakiwa wamekumbatiana mbele ya spika ndogo. Visiwa vingine vikatuma watu kujifunza. Diwani alipeleka saruji yake kwingine, na mwaka uliofuata akaja mwenyewe, amemshika mama yake mkono, kuomba chumba.

Mwezi uliopita nilipoolewa, mama mkwe wangu alinifungulia chumba cha ukoo wa mume wangu. Nilimsikia bibi yake, ambaye sikuwahi kumwona, akicheka. Jamani, nilipewa zawadi nyingi, lakini hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mke katika nyumba ile. Nei Rotia alikuwa nje mlangoni, kama sheria yake inavyotaka, akisubiri tumalize.

Chumba kimoja kilikuwa kitupu, nacho ni cha kwake. Baba yake, Mzee Aretaake wa kisiwa cha Abaiang, alikuwa na nyimbo ambazo Tabwena mwenyewe alimwonea wivu kwazo. Kila bintiye alipotaka kumrekodi, alimwambia, “Maliza za watu kwanza. Mimi naenda wapi?” Alifariki binti akiwa kisiwani Marakei, anarekodi wazee wa watu.

Juma lililopita Nei Rotia aliomba akae yeye kwenye kiti. Teewata, anayeshika nafasi yake, aliwasha mashine. Nei Rotia aliimba wimbo wa baba yake kwa sauti nzuri mno, kisha katikati akanyamaza. Tulisubiri. “Hapa sipajui,” akasema, akaruka, akaimba mwisho wake. Teewata alitaka kukiondoa kile kimya ili wimbo uungane. Nei Rotia akamshika mkono. “Kiache, mwanangu. Wajue palikuwa na kitu.”

Tulitoka nje, kila mmoja na machozi yake.

Nei Rotia, umeilinda nyumba hii hadi watu wakaihitaji tena, na gharama yake umeilipa peke yako. Asante, mama yetu. Jumamosi unarudi Abaiang, alipo shangazi yako, mdogo wa baba, ambaye siku hizi hasemi sana. Tunakuombea bahari tulivu, afya njema, na jioni nyingi kando yake. Na siku moja, akiwa anasuka mkeka wake bila kufikiri, aanze kuimba hapo ulipokwama. Nafasi bado ipo, hatujaiziba.