Ndizi za Makere

Tangu basi litoke Kasulu, Asmahani alijifanya amesinzia, huku mama mkwe wake, Kuruthumu, akibishana na abiria wa pembeni juu ya tamthilia ya jana.

"Bibi harusi kuficha kwamba wazazi wake ni wakimbizi? Ningemrudisha kwao siku hiyohiyo."

"Na angesema mapema, mama, ungemkubali?"

"Nisingempa hata kiti."

"Sasa ulitaka afanyeje?"

Basi lilisimama Makere, jirani na kambi ya wakimbizi, Kuruthumu akamwita muuza ndizi dirishani. Asmahani akafumbua macho: muuzaji alikuwa mama yake mzazi, ambaye yeye Asmahani aliwaambia ukweni kwamba alishakufa.

Mama huyo alipitisha chane nzima bila kumtazama binti yake, akaikataa noti ya Kuruthumu.

"Kuleni tu," alisema, sauti ikimkatika.

Kuruthumu alimgeukia mkwewe taratibu.