Mama Adèle Kyakimwa na taa zilizohamia kwenye simu

Tarehe 31 Oktoba 2025, Mama Adèle Kyakimwa anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kuwa fundi wa taa katika Ukumbi wa Kilimani, hapa Butembo. Kamati imeniomba niandike maneno machache ya programu ya leo. Nimefanya naye kazi tangu nilipoanza kushona mavazi ya jukwaa, na kwa kuwa yeye hapendi kusifiwa mbele ya watu, nitasimulia tu mambo jinsi yalivyotokea.

Mama Adèle alizaliwa Alimbongo, katika familia ya wakulima wa viazi na kabichi. Baba yake aliongoza kwaya ya kanisa. Alisoma umeme katika shule ya ufundi wakati ambapo wasichana wa fani hiyo walikuwa wa kutafutwa kwa tochi, na alipoajiriwa hapa mwaka 1999 alikuta balbu za kawaida zikining'inia juu ya jukwaa, basi. Projekta, zile taa kubwa za jukwaa, hazikuwepo. Akapita sokoni kuomba makopo makubwa ya maziwa ya unga, akayatoboa, akayapaka rangi nyeusi kwa nje na kufunga balbu ndani. Makopo hayo ndiyo yaliyomulika mchezo wa Noeli wa mwaka huo. Kopo moja halikuoshwa vizuri, na malaika Gabrieli alipomtokea Maria, ukumbi mzima ulinuka maziwa yaliyoungua. Wazee wa parokia wakikutana naye njiani bado humwita Mama Maziwa, naye huitika.

Projekta za kweli zilikuja baadaye, kisha ikaja kompyuta yenye programu ya kuongoza taa. Kwa wasioijua kazi hii: programu hiyo inahifadhi kila hali ya mwanga wa mchezo, asubuhi, mvua, nyumba ya mfiwa, harusi. Fundi akibonyeza, amri inapita kwenye kisanduku kidogo na kufika kwenye taa. Kompyuta iliwekwa katika chumba cha juu nyuma ya ukumbi, tunachokiita régie, na njia ya kufika huko ilikuwa ngazi ya chuma iliyosimama wima. Mama Adèle aliipanda kwa miaka mingi, nguo amezifunga kiunoni na thermosi ya chai ameining'iniza begani.

Wakati wa Ebola alisafiri na kikundi chetu hadi Mangina, kuonyesha mchezo juu ya usafi wa mikono. Alibeba projekta chache na groupe dogo, yaani jenereta. Mwandishi wa mchezo alitaka mwanga mwekundu juu ya mgonjwa. Mama Adèle alikataa. Alisema watu wa Mangina wametishwa vya kutosha, na mgonjwa ni mtu, si moto. Akampa mwanga wa kawaida, kama wa dirishani asubuhi. Baada ya mchezo wanawake kadhaa walibaki wakizungumza na wachezaji, jambo ambalo hatukulitegemea kwa siku zile.

Mwaka 2021 mvua ilivuja juu ya ngazi ya régie, naye akateleza akiwa karibu kufika juu. Mfupa wa paja ulivunjika. Alilala hospitalini, kisha nyumbani, na aliporudi kazini alitembea na fimbo. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba habari ya ngazi imekwisha.

Mkurugenzi wetu, Bwana Ananie, alimwita ofisini kwa nia njema. Alikuwa amemtafutia nafasi ya kuuza tiketi mlangoni, kazi ya kukaa. Nilikuwepo, nikimpima mkurugenzi koti jipya.

“Mama Adèle, pale utapumzika,” mkurugenzi alisema. “Hakuna kupanda.”

“Aksanti, Directeur. Mais mimi njo mutu wa taa. Pale kwa tiketi nitaangalia nini?”

“Utaangalia batu.”

“Batu nabaangalia sana. Nabaangalia na taa.”

Mkurugenzi alilifunga daftari la tiketi. Alimpa mwezi mmoja aone kama kuna njia nyingine. Nilitoka na Mama Adèle, na kwenye veranda akaketi, akafuta macho kwa kitambaa chake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akilia, na hakutaka nimshike mkono.

Njia ilipatikana kwa Jéthro, fundi wetu wa sauti. Alikuwa amesoma kwamba programu ile ya taa inakubali kuongozwa na simu, bila waya wowote. Kompyuta ingebaki juu, na Mama Adèle angekaa chini. Wote wawili walianza kazi siku iliyofuata, Jéthro juu na Mama Adèle kwenye benchi la mbele, wakiongea kwa kupaza sauti.

Kwanza walifunga ruta, kile kisanduku cha Wi-Fi, wakaiunganisha na kompyuta. Haikuhitaji intaneti, ilihitaji tu kuwapa simu na kompyuta mahali pa kukutana. Halafu waliruhusu mlango wa simu katika mipangilio ya programu, wakaandika kwenye simu anwani ya kompyuta. Vitufe vya taa vikatokea kwenye kioo. Mama Adèle akagusa kimoja, na upande wa kushoto wa jukwaa ukawaka. Alicheka, akauzima, akauwasha tena.

Furaha hiyo haikudumu. Simu ilikuwa ikigundua kwamba ruta haina intaneti, basi inaiacha yenyewe na kurudi kwenye mtandao wa kampuni ya simu. Dawa yake ilikuwa kuzima data na kuiagiza simu ibaki pale pale. Umeme nao ukakatika, na uliporudi, kompyuta ikawa imepewa anwani nyingine. Simu ikawa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Jéthro akaipa kompyuta anwani ya kudumu, kisha akaifunga ruta kwenye betri ndogo ya sola ili isizimike ovyo. Mwishowe walikubaliana juu ya kanuni moja: simu ikipotea, taa zibaki zilivyo. Mama Adèle aliisisitiza sana. Mchezaji, alisema, hawezi kuachwa gizani kwa sababu ya simu ya mtu.

Siku ya mazoezi na kwaya tulipata somo lingine. Elsa, kiongozi wa kwaya, aliona jina la Wi-Fi kwenye simu yake, akajaribu neno la siri la kwanza lililomjia kichwani, nalo lilikuwa “YesuniBwana”. Mtandao ukafunguka. Akawaambia wenzake, na muda si mrefu kwaya nzima ilikuwa ndani, kila mmoja akitafuta intaneti ambayo haikuwepo, huku taa zikichelewa kuitika kama mtu aliyetoka usingizini. Mama Adèle alibadilisha neno lile papo hapo. Aliweka la Kinande, refu, na kwa sasa anayelijua mbali na yeye ni Rébecca peke yake, fundi aliyefundishwa naye na anayeshika nafasi yake. Ruta nayo ikatolewa nyuma ya kabati la chuma lililozuia mawimbi yake, ikatundikwa juu ya nguzo ya katikati.

Kilichotushangaza kilikuja baadaye. Akiwa na simu mkononi, Mama Adèle alianza kutembea ukumbini wakati wa mazoezi, akikaa benchi hili, halafu lile. Kutoka mabenchi ya kushoto aligundua kwamba macho ya wachezaji yanapotea kivulini. Miaka yote ile alikuwa akitazama kutoka juu, nyuma ya kioo, na huko kila kitu kilionekana sawa. Alihamisha projekta, na watu wakaanza kusema kwamba wachezaji wetu wameboreka.

Sasa nifike Beni. Ilikuwa mwaka jana, katika ukumbi wa kanisa moja kule Mulekera, mchezo wa alasiri ili kila mtu awahi kurudi nyumbani. Tulifunika madirisha kwa vitambaa vyeusi tupate giza. Watu walijaa, wengine wakasimama kando ya kuta, akina mama na watoto mapajani. Kompyuta iliwekwa kwenye meza karibu na jukwaa. Mama Adèle alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, na simu yake na fimbo yake. Jéthro alikuwa ametoka nje kutia mafuta kwenye groupe la akiba.

Katikati ya mchezo, taa moja ya zamani tuliyoazima ilipasuka. Ilitoa mlio mkavu, mmoja, na kuangusha umeme wote wa jukwaa. Ukumbi ukawa giza.

Anayeishi Beni hahitaji kuelezwa mlio wa namna ile, kama wa risasi, unampeleka mtu wapi. Hakuna aliyesubiri. Nilikuwa nyuma ya pazia na nguo za kubadilisha. Nilisikia mabenchi yakianguka, kisha miguu, kisha sauti ya mtu akiita jina la mtoto. Wote walielekea mlango mmoja. Meza ya kompyuta ilikuwa upande wa pili wa umati, hakuna ambaye angeifikia.

Ila kompyuta ilikuwa ikiishi kwa betri yake, na ruta kwa betri yake. Na taa za ukumbi, tulizozitundika juu ya watazamaji, zilikuwa kwenye njia nyingine ya umeme. Mama Adèle aliegemea ukuta ili asisukumwe, akagusa simu, akapandisha taa zote za ukumbi. Mwanga ulijaa. Watu walionana nyuso.

Halafu alisema, kwa sauti ile ile anayotumia kumwita Jéthro aliyeko juu kwenye régie:

“Muikale chini, batu ya Mungu. Haiko masasi. Ni lampe tu njo imepasuka. Muangalie pale mbele, moshi yake iko inapanda.”

Waliokuwa mbele walitazama. Moshi mwembamba ulikuwa kweli unapanda kutoka kwenye taa iliyopasuka. Mwanamume mmoja aliyekuwa mlangoni aligeuka, akanyoosha mikono kuwazuia wa nyuma yake.

“Ni kweli,” alisema. “Ni lampe.”

“Hapana kukimbia,” Mama Adèle aliendelea. “Kuna mama iko chini pale. Mumunyanyue kwanza.”

Wakamnyanyua. Alikuwa na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa mzima. Mama mwenyewe alichubuka magoti. Wengine wawili watatu waliumia vidole, na hapo ndipo madhara yalipoishia. Ukumbi ule ulikuwa na mlango mmoja tu wazi. Sipendi kufikiria zaidi ya hapo.

Tuliondoa vitambaa madirishani, mchungaji akaomba kwa ufupi, na watu wenyewe wakataka mchezo uendelee mchana kweupe, bila taa hata moja. Mama Adèle aliniita pembeni.

“Jemima, nipatie kiti.”

Nilimletea. Akaketi, akanipa simu nimshikie. Safari hii hakunikataza kumshika mkono. Kisha akaniuliza kama nilifunga vizuri mkanda wa yule aliyecheza mfalme, kwa sababu ulionekana kulegea.

Tangu siku hiyo hatufungi safari bila taa za watazamaji kuwa kwenye njia nyingine ya umeme, na milango yote hufunguliwa kabla ya mtu wa kwanza kuingia. Hayo ni maagizo yake, na Bwana Ananie ameyafanya kanuni ya nyumba.

Mama Adèle alikuwa amepanga kustaafu na kurudi Alimbongo kulima. Vita vimeifunga njia hiyo kwa sasa. Dada yake na watoto wamehamia kwake hapa Butembo, nyumba imejaa, na yeye amepata kipande cha shamba nje ya mji ambako ameshapanda poireaux, vile vitunguu vya majani marefu. Anasema udongo si kama wa kwao, lakini utajifunza.

Jumamosi iliyopita ilikuwa mchezo wake wa mwisho. Alimkabidhi Rébecca simu ya taa mchana, akaenda nyumbani, akavaa kitenge kipya, akarudi na mumewe, Papa Jacob. Katika ndoa yao yote Papa Jacob hajakosa mchezo wetu hata mmoja, na hata mmoja hajawahi kuutazama akiwa na mke wake kando yake. Walikaa benchi la tano. Nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo nilisikia. Asubuhi ya onyesho la pili ilipochomoza jukwaani, taratibu, kutoka bluu hadi manjano, Papa Jacob alimwinamia.

“Hii umeitengeneza wewe?”

“Hapana. Ni Rébecca.”

“Ni muzuri.”

“Najua,” Mama Adèle alisema. “Nyamaza, uangalie.”

Mama Adèle, kwa niaba ya mkurugenzi, mafundi, wachezaji, waimbaji, na wote uliowamulika bila wao kujua jina lako, tunakushukuru. Afya iwe nawe, shamba likuitikie, na siku moja njia ya Alimbongo ifunguke mkarudi na dada yako. Jumamosi zote benchi la tano ni lenu wawili, wewe na Papa Jacob. Uishi vema, Mama wetu.

Jemima Katsongo
Idara ya Mavazi, Ukumbi wa Kilimani