Kadi Ileile, Uzito Mwingine

Benchi letu liko mbele ya duka langu la kutengeneza redio. Mimi ndiye yule fundi ambaye redio mbovu ikinisikia nakohoa tu, inaanza kusoma habari. Basi asubuhi tuko na kahawa, mimi na Bucha, muuza nyama, akaja Mchawi wa Kompyuta, macho mekundu kama pilipili. Ameandika programu ya kadi za wagonjwa wa zahanati hapo ng'ambo ya barabara. Jana ilijaza memori ikazima. Akishindwa kusema leo kadi moja inakula memori kiasi gani, kazi anapewa mwingine.

— Si upime! akasema Bucha. Mimi napima hata kwa jicho.

— Nimepima, kaka! Baiti arobaini za memori. Nikaifungua nisome jina la mgonjwa, nikapima tena: mia saba!

— Kadi ileile?

— Ileile! Lugha ya kompyuta niliyoandikia ina uvivu. Haifanyi kitu mpaka uulize. Kabla hujaliangalia jina, jina halipo. Kuna ahadi tu.

— Kama fundi wangu wa nguo.

— Na likija, kila herufi ina mfuko wake. Herufi moja, baiti ishirini na nne!

— Hapo umeuziwa mifupa, ndugu yangu.

Nikaona wananipotezea kahawa.

— Nisikilizeni mimi niliyesomea umeme wiki mbili nzima. Kinacholeta uzito ni macho. Mimi niliwahi kuikodolea macho redio, ikavunja meza!

— Muongo wewe!

— Haki ya nani! Kwa hiyo kadi zisifunguliwe. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe.

— Sasa daktari atibu nini? Mchawi akafoka.

— Akisie! Penye nia pana njia.

— Tena kuna mtaa anakokaa mgonjwa, akasema Mchawi. Jina lake limehifadhiwa mara moja, kadi zote zinalinyooshea kidole. Nikipima kadi mojamoja, nalihesabu kila mara. Nikijumlisha, zinaipita memori ya kompyuta yenyewe!

— Hamisha mtaa, akasema Bucha.

Mchawi alikuwa karibu kulia alipotokea Sista, mkuu wa zahanati.

— Mwanangu, foleni imefika barabarani. Nikiiwasha programu yako sasa hivi, itazima au haitazima?

Mchawi akaniangalia. Mimi nikamwangalia Bucha. Bucha akaangalia ndani ya kikombe.

Sista akauliza daftari za kuandikia wagonjwa kwa kalamu zinauzwa wapi. Hilo tulilijua. Tukamwonyesha kwa mikono mitatu.