Pikapu ya Elfu Thelathini

Ndani ya gari la abiria, Probox iliyotoka Makindu, Mwau alimwonyesha mama aliyeketi kando yake kisumaku cha kunasa sauti ya gitaa. "Hii ndiyo pikapu. Elfu thelathini, kutoka ng'ambo."

"Kwani ile ya zamani iliharibika?"

"Hapana, mwaitu. Hii inalia tamu zaidi."

"Bei ya mbuzi watano, kijana! Wachezaji wa muziki wa benga watajua tofauti?"

"Mimi nitajua!" Mwau aliwaka.

"Na mchumba unaye? Amesemaje?"

"Nilimpigia simu kumwambia nimenunua pikapu, akamwambia babake. Mzee ameshukuru Mungu, ananingoja stendi ya Kambu."

Mama alicheka hadi machozi. Mwau hakuelewa, mpaka gari liliposimama Kambu na mzee akainuka kutoka juu ya magunia kumi ya ndengu.

"Mwanangu, pikapu umeiegesha wapi?"