Mapigo Nusu Bilioni Yamepotea Wapi?

Benchi lenyewe limeegemea ukuta, kati ya kibanda cha fundi saa na duka la dobi. Miguu yake mitatu ni ya mbao na wa nne ni matofali mawili. Fundi Saa hukaa upande wa mlango wake, ili mteja akija asipate taabu ya kuita. Katikati hukaa Dobi, aliyemwoa dada yake Fundi Saa, na pembeni mwa Dobi hukaa Gia Tano, dereva wa malori mstaafu ambaye mpaka leo akizungumza mkono wake wa kushoto hutafuta gia. Upande wa matofali ni wa Chanzo, aliyekuwa akiuza magazeti, na ambaye hasemi jambo asiseme amelipata kwenye chanzo cha uhakika. Mama Kahawa hana upande, ana birika. Siku ile, yapata saa tisa na robo alasiri, Fundi Saa alirudi kutoka shuleni akiwa na karatasi mkononi, akaketi bila kuuliza hali za watu, nao wakajua kuna jambo.

— Umezipokea au hujazipokea? Dobi akamuuliza.

— Bado.

— Shemeji! Lori liko pale tangu asubuhi. Mtihani ni Jumatatu. Mpwa wako ataufanyia wapi, kwenye pasi yangu?

Fundi Saa aliinyoosha karatasi juu ya goti. Ilikuwa hati ya kupokea kompyuta mpya ishirini na nne za shule. Kamati ya shule ilimchagua yeye kuzikagua kwa sababu moja tu: alijulikana mtaa mzima kuwa hatii saini kitu asichokipitisha chini ya lenzi yake. Saa kumi kamili, kama hajatia saini, lori lingeondoka na masanduku yote.

— Nisikilizeni kwanza, akasema. Zile za zamani, za miaka kumi na minane, zimeandikwa tatu. Maana yake mapigo bilioni tatu kwa sekunde moja. Nimesoma kwa macho yangu. Hizi mpya zimeandikwa mbili na nusu.

Birika la Mama Kahawa likabaki hewani.

— Zimeshuka? akauliza Gia Tano.

— Zimeshuka nusu bilioni.

— Miaka kumi na minane! Mama Kahawa akamaka. Mimi mwenyewe na magoti yangu haya sikushuka hivyo.

— Zile za zamani ngapi zinawaka? Dobi akauliza, maana binti yake alikuwa amemweleza jinsi zinavyosumbua.

— Mbili. Moja mpaka ivuliwe kifuniko na kuelekezewa feni ya mezani.

— Sasa unazilinganisha mpya na maiti?

— Maiti zenye tatu, akasema Fundi Saa. Nami nitaulizwa.

— Mwalimu wa kompyuta anasemaje?

— Anasema ni joto.

Akawaeleza kama alivyoelezwa, bila kupunguza wala kutia chumvi. Kwamba ndani ya kompyuta kuna prosesa, kidude kidogo kuliko ukucha, na kazi yake yote huenda kwa mapigo. Kwamba watengenezaji waliyaongeza mapigo hayo mwaka hadi mwaka, wakafika mahali ambapo nyongeza ndogo ya mapigo ilidai umeme mwingi kupita kiasi, na umeme wote huo uligeuka joto, kidude kikawa karibu kujichoma. Basi wakaacha kukimbizana na mapigo. Badala yake wakapanga vichwa vinne ndani ya prosesa moja, kila kichwa kikienda kwa utulivu, wakigawana kazi.

— Joto? Dobi akacheka. Mwalimu huyo anifundishe mimi joto? Miaka ishirini na sita nashika pasi. Joto ndilo linalokimbiza kazi! Pasi ikipoa ndipo shati moja linakula asubuhi nzima.

— Na ile suruali ya hakimu? akauliza Gia Tano.

— Ile ilikuwa kitambaa kibaya.

— Ilikuwa na alama ya pasi nzima, mpaka na ncha yake.

— Nimesema kitambaa kibaya, bwana!

Gia Tano akageukia upande wa pili.

— Mimi nimepanda milima na tani thelathini mgongoni. Joto likizidi, unatia maji. Mwambieni mwalimu atie maji.

— Ndani ya kompyuta?

— Kwa bomba. Bomba jembamba, na rejeta ndogo ya kupozea maji nyuma. Nini kigumu hapo? Ila hivyo vichwa vinne ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Lori moja, madereva wanne, linafika?

— Wapiga pasi wanne kwenye shati moja! Dobi akadakia. Mmoja atashika kola, wengine watatu watashika viuno.

Walicheka, Fundi Saa hakucheka. Alikuwa akiitazama saa ya ukutani kibandani mwake. Saa tisa na dakika ishirini na tisa.

Chanzo alikuwa akingoja wengine wamalize ya kitoto. Sasa akajikohoza.

— Zenye bilioni kumi zipo, akasema. Nimelipata hili mahali pa uhakika. Zimefungiwa kwenye barafu, wakubwa wanazitumia. Hizi zetu zimefungwa spidi gavana, zisikimbie.

— Spidi gavana! Gia Tano akapiga paja. Hata mimi walinifunga, mwaka ule wa mwisho. Kuna kidude ukikichomoa tu, lori linaruka!

— Basi kompyuta nazo zichomolewe, akasema Mama Kahawa.

— Zikichomolewa zitaungua, kwa sababu ya jua letu, akaendelea Chanzo. Kule zinakotengenezwa ni baridi, zinakwenda tatu bila jasho. Zikifika huku, mbili na nusu. Tena kila mtu akiwasha yake, joto linatoka nje linaliongezea jua. Ninyi hamjaona jua la siku hizi? Ni kompyuta hizo.

— Ufumbuzi ni mdogo, akasema Gia Tano. Mtihani ufanyiwe kwenye chumba cha barafu cha muuza samaki.

— Binti yangu akafanye mtihani katikati ya samaki?

— Na koti, Dobi. Avae koti.

Fundi Saa hakuwa akiwasikiliza tena. Mawazo yake yalikuwa kwenye saa moja ya mkononi, ya mhasibu wa benki, iliyopiga mara kumi kwa sekunde ilhali saa za kawaida zilizoletwa kwake zilipiga mara tano. Ilikuwa sahihi ajabu. Lakini springi yake ilikuwa nene na ngumu kuijaza, na kila baada ya mwaka ilirudi mezani kwake mafuta yamekauka, ekseli zimelika. Kila pigo lilikuwa na gharama yake, na mwenye saa hakuwahi kuliona hilo.

— Mwalimu huenda anasema kweli, akasema polepole. Nimewahi kufungua saa ya mbio. Mbio zinakula.

— Aa! Chanzo akamwinamia. Sasa unawatetea wauzaji. Wamekupa nini?

Mama Kahawa aliliweka birika chini.

— Rudia, akasema Fundi Saa.

— Sisemi wamekupa, kaka. Nasema watu watasema. Aliyeondoa tatu akaleta mbili na nusu, watu watasema alishikishwa kitu. Mimi ni mimi tu, ninakujua.

Fundi Saa alihisi masikio yakimchemka. Akachomoa kalamu, akaenda moja kwa moja kwenye sehemu ya hati iliyoandikwa "Sababu za kukataa", akaandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Mapigo nusu bilioni yamepungua.*

— Shemeji, Dobi akasema kwa sauti ya chini. Shemeji, mtoto.

— Ninamjua mtoto.

Hapo ndipo karani wa shule alipotokea, mwanamke wa makamo, anatembea kwa haraka na viatu vimejaa vumbi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

— Mzee Fundi, dereva amewasha injini. Mkuu anataka karatasi, iwe ndiyo, iwe hapana.

Akaipokea, akaisoma akiwa amesimama, midomo ikitembea.

— Mapigo nusu bilioni yamepungua. Haya. Hapa chini kuna nafasi nyingine, "Kazi iliyopungua". Nijaze nini? Pigo moja la ile ya zamani na pigo moja la hii mpya, kila moja linafanya kazi kiasi gani?

Hakuwa akimtega mtu. Alikuwa ameshika kalamu, anangoja tarakimu.

Dobi alimtazama Gia Tano. Gia Tano alimtazama Chanzo. Chanzo aliinamia kikombe chake kitupu na kukichunguza kana kwamba kimeandikwa ndani. Fundi Saa alijua pigo la saa hufanya nini: husukuma gurudumu jino moja, basi. Tangu asubuhi alikuwa amechukulia kwamba jino ni lilelile kwa mashine zote, na hakuna aliyemwambia hivyo.

— Sijui, akasema.

Akaichukua karatasi. Akayakata maneno yake kwa mstari mmoja ulionyooka, akatia saini fupi pembeni mwa mkato, kisha akaandika penye "Maelezo ya mpokeaji", na chini yake akaweka majina yake matatu bila kufupisha hata moja. Karani alisoma kwa sauti:

— "Kompyuta ishirini na nne zimepokelewa. Mapigo yake ni machache kuliko ya zile za zamani. Mpokeaji hajui kilichopungua ni nini." Mzee, mkuu hatalipenda hili.

— Ni uongo?

— Si uongo.

— Basi mpelekee.

Karani akaondoka mbio. Wakakaa wakisikiliza, hata Mama Kahawa, mpaka injini ya lori kule shuleni ilipozimwa.

Dobi alipumua kwa nguvu, akamshika bega.

— Shemeji, ahsante.

— Usinishukuru, akasema Fundi Saa, akiifunika kalamu. Sijui nimekupokelea nini.