Mkate wa Watu Wawili Langoni Kedeshi

Aliyeniambia kwanza ni wifi yangu Hogla, aliyerudi kisimani bila maji. Alisema kuna kijana anapanda kilima mbio, mikono mitupu, anaangalia nyuma kila mara, na kwamba hakuna anayekuja Kedeshi, mji wetu wa makimbilio, kwa mwendo ule ila aliyeua mtu. Mume wangu Asrieli ndiye bawabu wa lango, na nyumba yetu imejengwa ndani ya ukuta, kwa hiyo kinachofika langoni kimefika jikoni kwangu. Mbele ya mlango wetu pana kiti kirefu cha jiwe. Kila alasiri huketi hapo Pembe, mpiga baragumu wa zamu, ambaye hata akinong'ona mji mzima unasikia. Mizani, mpima sufu. Na Nusukuhani, aliyebeba kuni za madhabahu hadi Shilo mara moja tu na tangu hapo hajanyamaza. Mimi huwamiminia divai kali iliyotiwa maji, mtoto mgongoni, wala sichangii neno. Naona haya mbele ya wanaume. Lakini masikio ninayo.

Kijana aliitwa Heled. Alisimama langoni akawaeleza wazee shauri lake kabla hajavuka, kama ilivyo desturi. Alikuwa msituni na rafiki yake Guni wakikata kuni. Akainua shoka, chuma kikachomoka kwenye mpini, kikampiga Guni kichwani. Guni akafa pale pale. Wazee wakamwingiza, wakamweka kivulini chini ya ukuta, wakasema atakaa hapo hadi ijulikane kama alimchukia Guni tangu zamani. Akionekana alimchukia, atatolewa mikononi mwa ndugu wa marehemu, na hakuna fedha wala mifugo itakayomkomboa. Kama hakumchukia, ataishi humu kwetu mpaka siku atakapokufa kuhani mkuu kule Shilo. Ndipo atarudi kwao, na hakuna atakayemgusa.

— Pole mwanangu, Pembe alimwambia kutoka kitini. Ila ungetembea. Haraka haraka haina baraka.

— Angetembea sasa hivi angekuwa maiti, we Pembe, Mizani alisema.

— Basi mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mizani alimwambia anyamaze, maana mgeni mwenyewe bado hajapona. Kisha akaleta hoja yake. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, si ng'ombe anauawa kwa mawe? Kwa nini basi chuma kisishtakiwe, kiletwe langoni, kisimame mbele ya wazee?

— Na shoka utaliua kwa mawe? Pembe alisema. Utakuwa unalinoa.

Walicheka. Heled hakucheka. Alikuwa anatazama viganja vyake.

Ikafuata ile ya kuhani mkuu, ambayo hawajaimaliza tangu niolewe. Kuhani amekosa nini hata kifo chake kimfungue mtu aliye mbali hivi? Mizani alisema damu ina uzito, na duniani hakuna jiwe la kuipima, kwa hiyo hungojwa kifo kizito kuliko vyote kiwekwe upande wa pili. Pembe alisema sivyo, ni kwamba hasira nayo huzeeka, na kifo cha mkubwa huwaliza watu wote pamoja, na waliolia pamoja hawawezi kuchinjana kesho yake. Nusukuhani aliwaacha wachoke. Halafu akaweka kikombe chini.

— Nyie hamjamwona. Mimi nilimwona. Amevaa kifuani mawe yenye majina ya makabila yote, na letu la Naftali limo. Akifa, anashuka na majina hayo kuzimu. Wafu wote wanasimama kumpokea. Aliyeuawa anatazama, anaona jina la ndugu zake, na jina la aliyemuua, yote yako kifua kimoja. Atamdai nani tena?

Sijui aliitoa wapi. Pengine aliitunga pale pale, ndivyo alivyo. Lakini nilijikuta nimeushika mguu wa mwanangu mgongoni.

Hapo ndipo Asrieli aliposhika komeo. Mtu alikuwa anapanda kilima na mkuki.

Hakuja mbio. Alisimama hatua chache nje ya lango, vumbi mpaka kwenye ndevu, na kwapani alikuwa na mfuko wa ngozi ya mbuzi. Akasema yeye ni Shilemu, ndugu wa Guni, tumbo moja. Heled alijikunja chini ya ukuta. Wazee walisimama. Shilemu alitutazama wote, kisha akauliza:

— Amekula?

Tulikuwa tumepima damu na tumeshtaki shoka, na kijana yupo pale tangu mchana. Mimi mwenyewe niliyeshika mtungi sikujua.

Mzee wa lango akamuuliza, kwa sauti ya chini, kama Heled na Guni walichukiana. Kila mtu alijua uzito wa swali lile. Angesema ndiyo, nani angempinga? Heled angekuwa wake kabla jua halijazama. Mkono wa Shilemu ulipanda na kushuka kwenye mkuki.

— Hapana, alisema. Mke wa Guni aliwapa mkate wao asubuhi katika mfuko mmoja, kama siku zote. Nimeuokota pale alipoangukia ndugu yangu. Hawakuwahi kuufungua.

Akaunyosha mkono wenye mfuko.

— Akivuka mpaka wenu nitamuua. Damu ya Guni ni damu yangu, siwezi kuiacha nikalala. Ila huu ni mkate wake. Mpeni.

Wanaume walitazamana. Nikatoka mimi, nikaupokea. Mzee akasema maneno haya yatasemwa tena mbele ya kusanyiko, na kwamba Heled atakaa. Heled aliumega mkate, akala nusu, akalia, na nusu ya pili akaifunga tena. Divai ilibaki mtungini.

Asubuhi yake nilimfunga mwanangu mgongoni, nikaenda mwisho wa malisho, mahali ambapo nyasi zimeufunika mpaka wa mji, na mgeni kama Heled hawezi kujua amevuka. Nikaanza kupanga mawe meupe, moja baada ya jingine, nikifuata mstari. Shilemu alikuwa ng'ambo, ameketi na mkuki magotini. Alinitazama kitambo. Kisha akauchomeka mkuki ardhini, akaanza kuniletea yale makubwa, nami nikayapokea na kuyapanga.