Mkasi wa Mama Leota Tillery

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nasoma mimi mkwewe, Harlan. Marehemu Leota Tillery, tunayemzika leo hapa Los Angeles, alizaliwa tarehe 3 Machi 1895 mjini Hutchinson, Kansas, mtoto wa pili wa fundi cherehani Anders Lindquist na mkewe Hulda, akasoma huko huko hadi mwaka 1912, na mkasi aliushika mapema kuliko kalamu.

Mwaka 1914 alikuja Hollywood, akaajiriwa kukata na kuunganisha filamu, kwa gundi iliyomwachia vidole harufu ya ndizi mbivu, hata mpiga kamera Roscoe Tillery, aliyemwoa tarehe 9 Juni 1920, akawa anajisifu kwamba kapata mke na matunda kwa mpigo. Walijaliwa binti mmoja, Verna, mke wangu, aliyezaliwa mwaka 1923.

Miaka yote hiyo bosi wa studio, Bwana Stroud, alikuwa akipekua kapu la vipande vya filamu vilivyobaki, akivichomeka ili kuzigeuza hadithi za waongozaji apendavyo, na marehemu ndiye aliyeamriwa kukata, jambo lililomuuma sana. Alipoomba kuongoza filamu yake mwenyewe, bosi alicheka, "Bi Tillery, wewe kata tu, kelele za kule kwenye kamera tuachie wanaume." Marehemu akavua mkasi aliokuwa ameuning'iniza shingoni, akauweka mezani, "Haya, kateni wenyewe." Wiki haikuisha, Stroud akaja mlangoni kwake, kofia mkononi, akamruhusu kuongoza.

Filamu hiyo ya mwaka 1926, ya mke anayemwacha mume mlevi, marehemu aliipiga bila kipande cha akiba hata kimoja, wapiga kamera wakadhani amechanganyikiwa. Bosi alipoamuru mke arudi kwa mumewe mwishoni, alilikimbilia kapu, akakuta halina kitu, na filamu ikatoka kama ilivyo. Akaongoza nyingine kumi na moja kwa mtindo huo huo, vitisho vya kufukuzwa akivisikia na kuendelea na kazi.

Roscoe alitangulia mwaka 1949. Marehemu alianza kuugua mapafu Januari 1961, akafariki hospitalini tarehe 14 Aprili, Verna akiwa amemshika mkono. Siku chache kabla alidai asomewe historia hii, akaifupisha bila huruma, "Hizo sifa toa, Harlan, watu wana njaa."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake wa kazi, ambao wamekuja leo na mikasi yao shingoni. Mama, pumzika kwa amani, kapu ni tupu, hakuna atakayeugeuza mwisho wako.